Ndege wa milima miwili wanaimba tofauti: je, DNA itasema ni spishi moja au mbili?

Swali: "Natembeza wageni wapenda ndege katika misitu ya milima miwili inayotazamana. Katikati kuna tambarare kavu isiyo na msitu. Juu ya milima yote miwili wapo ndege wadogo wa manjano wenye pete nyeupe kuzunguka jicho, na kwa macho siwezi kuwatofautisha. Ila wimbo si mmoja: wa mlima wa kwanza huanza taratibu ukapanda, wa mlima wa pili hukatika vipande vifupi vifupi. Mgeni mmoja aliniambia hizo lazima ni spishi mbili, kwa kuwa wimbo wa ndege umo kwenye jeni. Mwingine akasema ni ndege yule yule tu. Nimeokota manyoya machache pande zote mbili na kuyatunza kwenye mfuko wa plastiki. Nikiyapeleka kupimwa DNA nitapata jibu la mwisho? Na ikithibitika ni spishi mbili, si itasaidia kuulinda msitu wa mlima wa pili, ambao unakatwa?"

Jibu fupi ni hapana: manyoya hayo machache hayatakupa jibu la mwisho. DNA ikipimwa vizuri itakueleza makundi hayo yametengana tangu lini, kama bado yanachanganya damu, na kila moja lina ndugu gani wa karibu. Kuyaita spishi moja au mbili ni uamuzi ambao watu huufanya baadaye, wakishaziweka mezani jeni, sauti, umbo na tabia kwa pamoja. Nasema hivi mapema kwa sababu wengi huipelekea maabara swali ambalo maabara haina uwezo wa kulijibu, kisha hukata tamaa na jibu zuri wanalorudishiwa.

Sasa tuanze na huo wimbo, maana ndio uliokuamsha, na umefanya vizuri kuusikiliza. Mgeni wako wa kwanza amekosea mahali pamoja muhimu. Ndege wa kundi la waimbaji, ambamo hawa wako wamo, hujifunza nyimbo zao. Kinda husikiliza madume wazima walio karibu naye, huweka kumbukumbu, kisha hujizoeza kwa muda mrefu akikosea na kujirekebisha mpaka sauti yake itulie. Jeni humpa kinda uwezo wa kujifunza na kumwekea mipaka ya kile anachoweza kujifunza, lakini wimbo wenyewe huupokea kwa wakubwa wake. Ni kama lafudhi: mtoto huongea kama watu waliomlea, na ukimsikia huwezi kuapa kwamba umeijua damu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa nyimbo za ndege Peter Marler na wenzake walilionyesha jambo hili kwa shomoro mmoja wa California mwenye mistari myeupe kichwani. Karibu na San Francisco, madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na ukisogea kilomita chache unakuta wimbo mwingine, ingawa ndege ni wale wale. Kwa hiyo tofauti uliyoisikia inaweza kuwa imezuka juzi tu, kwa kadiri historia ya ndege inavyohesabiwa, bila jeni kuachana kwa kiasi cha kutajika.

Mgeni wa pili naye asishangilie. Kinyume chake pia hutokea. Katika milima ya Afrika Mashariki kuna ndege aina ya chozi, wenye ukanda mwekundu kifuani, wanaoishi kwenye misitu ya juu iliyotengana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha nyimbo zao na jeni zao, ulikuta kwamba baadhi ya makundi yaliyotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka bado yanaimba karibu sawa, ilhali mengine yameachana kabisa kwa sauti. Wimbo hauendi kwa mwendo mmoja. Unaweza kusimama zama na zama, kisha ukabadilika kwa ghafla. Ndiyo maana hauwezi kutumika kama saa. Ungekuwa umesikia nyimbo zinazofanana, nisingekubali pia uhitimishe kwamba ndege ni wamoja.

Je, wimbo hauna maana basi? Una maana kubwa, ila ya aina nyingine. Majike wengi humchagua dume kwa wimbo wake. Kundi likishakuwa na wimbo wake, wimbo huo unaweza kugeuka ukuta. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kisiwa kidogo cha Daphne Major huko Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walitumia miongo wakiwafuatilia ndege mmoja mmoja. Mwaka 1981 walimwona dume mgeni, mkubwa kuliko wenyeji, mwenye wimbo ambao haukuwa wa kisiwa kile. Walimkamata, wakamvisha pete mguuni na kumtoa damu kidogo, kisha wakamwachia. Akazaa na jike mwenyeji. Wanawe wa kiume wakajifunza wimbo wa baba yao, wimbo ambao majike wenyeji hawakuufuata, na baada ya vizazi vichache uzao wake ukawa unaoana wenyewe kwa wenyewe tu.

Watafiti walidhani mgeni yule alikuwa chotara aliyevuka kutoka Santa Cruz, kisiwa jirani. Jenomu yake, yaani DNA yake nzima, iliposomwa yote, matokeo yakichapishwa mwaka 2018, ikaonekana alitoka Española, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapo, na alikuwa wa spishi nyingine kabisa. Macho na masikio ya watu makini, waliomfuatilia ndege huyo miaka yote, hayakutosha kujua kwao. Tone la damu lililotunzwa ndilo lililosema. Lakini tone hilo lisingeweza kueleza kwa nini uzao wake haukuchanganyika na wenyeji. Hilo lilijulikana kwa sababu watu waliusikiliza wimbo na kuandika nani kaoana na nani. Ukiniuliza ni kazi gani inafaa kwa ndege wako, ni hiyo ya kuyashika yote mawili.

Tuingie sasa kwenye utaratibu wenyewe, maana ukiuelewa utaweza kusoma matokeo yoyote utakayopewa.

Chukua kundi moja la ndege lililogawanyika. Pengine zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya baridi na mvua zaidi, misitu ya milima yako miwili ilishuka na kukutana tambarareni. Ilipokauka, misitu ikapanda juu na ndege wakabaki kila wamoja na mlima wao. Tangu siku hiyo mambo mawili huanza kwenda. La kwanza, kila kizazi hunakili DNA yake na makosa madogo hujitokeza, herufi moja hapa na nyingine pale. Kosa lililozaliwa mlima wa kwanza halifiki wa pili. La pili, kwa bahati tu, ndege fulani huzaa sana na wengine hufa bila uzao, hivyo aina fulani za jeni huenea na nyingine hupotea. Hili la pili huenda kasi zaidi kundi likiwa dogo. Msitu wenye ndege mia chache utaonekana tofauti na jirani zake haraka kuliko msitu wenye ndege laki moja, hata kama walitengana siku ile ile. Kinachoyarudisha makundi pamoja ni ndege wanaovuka na kuzaa upande wa pili. Wachache tu kwa kila kizazi hutosha kuzuia makundi yasiachane sana.

Hapa ndipo watu wengi huteleza wanaposoma matokeo. Wakiona makundi mawili yanatofautiana, hudhani yametengana kwa muda mrefu, kumbe huenda moja limepungua vibaya hivi karibuni. Ndege aina ya Turdus helleri wa Milima ya Taita, Kenya, anatufundisha hili. Anaishi katika mabaki ya misitu kama Mbololo, Ngangao na Chawia, ambayo haiko mbali sana, na bado vipimo vya jeni vilionyesha kwamba makundi hayo yanatofautiana. Hakuna anayesema hizo ni spishi mbalimbali. Ni dalili ya makundi madogo ambayo ndege wake hawavuki tena mashamba yaliyojaa katikati.

Kuhusu ndege wako hasa, wenye pete nyeupe jichoni, una bahati na una taabu pia. Ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Zosterops, na katika ndege wote ni miongoni mwa waliozaa spishi mpya kwa kasi kubwa: sehemu kubwa ya jamii hii imetawanyika na kugawanyika ndani ya takribani miaka milioni 2. Kwa muda mrefu wale wa milimani kuanzia Ethiopia hadi Tanzania waliwekwa pamoja kama spishi moja, Zosterops poliogaster, kwa kuwa wanafanana na wanaishi mahali panapofanana. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 uliubomoa mpangilio huo. Baadhi ya ndege wa mlimani walionekana kuwa na undugu wa karibu zaidi na ndege wa tambarare kuliko na wenzao wa mlima wa jirani. Yaani mazingira ya mlimani yaliwavisha sura moja ndege wenye asili mbalimbali. Leo wale wa Taita na Mlima Kasigau, kwa mfano, hutambuliwa kama Zosterops silvanus. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, wa mlima wa kwanza na wa pili ni wamoja?" Uliza pia, "Na wale wa tambarare iliyo katikati?" Bila sampuli za hao utakuwa unalinganisha watu wawili ukidhani ni kaka, bila kuwaona binamu zao.

Kuna na hili la asilimia. Utasikia mtu akisema, wakitofautiana asilimia mbili ni spishi mbili. Chanzo cha usemi huo ni makadirio kwamba DNA ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati) ya ndege hubadilika kwa takribani asilimia 2 kwa kila miaka milioni 1 makundi mawili yakitengana. Ni makadirio ya wastani, yanapanda na kushuka kati ya jamii na jamii, na hayakuwekwa kuwa mpaka wa spishi. Huko Amerika Kaskazini kuna ndege wawili wa jenasi ya Vermivora, mmoja mwenye mabawa ya dhahabu na koo jeusi, mwenzake wa manjano mwenye mabawa ya samawati. Kwa sura hakuna anayewachanganya. Jenomu zao ziliposomwa, mwaka 2016, zilifanana kwa asilimia 99.97. Tofauti za maana zilikuwa katika maeneo sita tu, na manne kati yake yako jirani na jeni zinazohusika na manyoya na rangi yake. Asilimia peke yake ingekuambia nini hapo?

Nimetaja mitokondria, na ni vyema ujue tofauti yake, kwa sababu kipimo rahisi utakachopewa karibu kila mahali ni hicho. Ndani ya seli mna DNA ya namna mbili. Iliyo kwenye kiini hutoka kwa baba na mama, na kwa ndege ina takribani herufi bilioni 1. Ya mitokondria ni fupi sana, herufi elfu 16 au 17 hivi, na hutoka kwa mama peke yake. Ni nyingi katika kila seli, haihitaji sampuli nzuri sana, na hubadilika haraka, ndiyo maana watafiti waliitegemea kwa miongo. Ila inasimulia ukoo wa akina mama tu. Jike mmoja akivuka mlima na kuzaa na wenyeji, mitokondria yake inaweza kuenea kundi zima baada ya vizazi vingi, ilhali DNA ya kiini imebaki ya wenyeji. Ukisoma mitokondria peke yake utaapa kwamba makundi ni mamoja. Mimi nikipokea matokeo ya mitokondria tu, huyachukua kama mwanzo wa mazungumzo, na sikubali yatumiwe peke yake kugawa wala kuunganisha spishi.

Njia ya kati ni kupima vipande vya DNA vinavyojirudia-rudia, ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya ndege na ndege. Hufaa kujua kama bado kuna wanaovuka na kama kundi linazaliana ndugu kwa ndugu, lakini inahitaji ndege wengi, tuseme ishirini au zaidi kila upande. Kusoma jenomu nzima ndiko kunakoeleza mengi, na kwa kuwa kila ndege hubeba maelfu kwa maelfu ya sehemu za kulinganisha, hata ndege wachache kila upande hutoa picha nzuri. Kinachokuja kuwa kigumu hapo si maabara tena, ni uchambuzi: unahitaji kompyuta zenye nguvu na mtu anayejua anachofanya. Kama fungu ni dogo, ningeshauri jenomu za ndege wachache waliochaguliwa vizuri, pamoja na wale wa tambarare, kuliko mitokondria ya ndege mia.

Nasema "waliochaguliwa vizuri" kwa sababu ndege hawa hutembea kwa makundi, na kundi moja linaweza kuwa na wazazi na watoto wao. Ukichukua sampuli zote kutoka mti mmoja, utapima familia moja na kuiita mlima mzima.

Sasa manyoya yako. Unyoya ulioanguka wenyewe una DNA kidogo sana. Iliyopo hukaa sehemu ya chini ya shina lake, ile iliyokuwa ndani ya ngozi, na kidogo mahali pale juu yake palipobakia damu iliyoganda unyoya ulipokuwa ukikua. Ndege wako ni wadogo, na mashina yao ni membamba kama uzi. Plastiki nayo hushika unyevu, ukungu huota, na DNA huoza. Yatoe leo, yaanike kivulini hadi yakauke kabisa, weka kila unyoya kwenye bahasha yake ya karatasi, andika tarehe, mahali na kimo cha mlima. Huenda yakatoa mitokondria. Kubwa zaidi, huna uhakika kila unyoya ulitoka kwa ndege gani, na hilo maabara itakuuliza kwanza.

Sampuli inayotegemewa ni damu, na hapa ndege wametuzidi: chembe zao nyekundu za damu zina kiini, zetu hazina, hivyo tone dogo tu lina DNA tele. Mtaalamu humtoa ndege wavuni, humshika mgongo ukiwa kiganjani na shingo kati ya vidole viwili, hulikunjua bawa na kuyapuliza manyoya kwa ndani ya kiwiko. Mshipa huonekana chini ya ngozi kama mstari wa bluu. Hulowesha kidogo kwa spiriti, huchoma kwa ncha ya sindano nyembamba, tone hupanda, mrija mwembamba wa kioo hulinyonya, pamba hukandamizwa hadi damu ikome. Kwa ndege wa gramu kumi hivi, damu isizidi asilimia 1 ya uzito wake. Akiwa mikononi mwa aliyefunzwa huruka zake baada ya dakika chache. Akiwa mikononi mwa asiyefunzwa anaweza kufa kwa mshtuko au kwa kubanwa kifua tu, kwa sababu ndege hapumui kifua kisipopanuka.

Kwa hiyo usitege wavu mwenyewe, hata kwa nia njema. Kukamata ndege wa porini huhitaji kibali, na kuchukua sampuli kwa utafiti wa jeni huwa na kibali chake mbali. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa ridhaa na mgawanyo wa manufaa kabla rasilimali za kijenetiki hazijatumiwa, hasa zinapovuka mpaka. Mgeni akikuomba umtumie manyoya ng'ambo kwa posta, kataa kwa adabu.

Kuna jambo unaloweza kulifanya sasa hivi, nalo watafiti wengi hawana muda nalo. Rekodi nyimbo. Simu nzuri inatosha kuanzia. Kipaza sauti cha kuelekeza ni bora. Rekodi madume wengi pande zote mbili, nyakati mbalimbali za mwaka, na kabla hujaanza sema kwa sauti tarehe, saa na mahali. Mkipata mtafiti wa kushirikiana naye, mnaweza kupiga wimbo wa mlima wa pili mbele ya dume wa mlima wa kwanza na kuangalia: je, anakuja kwa hasira kama amevamiwa, au anaendelea kula? Asipojali wimbo wa mlima wa pili lakini akaujia juu wa mlima wake, una ushahidi wa ukuta ambao jeni peke yake zisingeuonyesha. Fanyeni kwa kiasi, na si karibu na kiota, kwa maana dume anayehangaika na sauti yako huacha kulisha makinda.

Uliuliza kama kuthibitika spishi mbili kutasaidia msitu. Kunaweza kusaidia, kwa kuwa orodha za ndege walio hatarini hupangwa kwa spishi, na spishi ya mlima mmoja huvuta macho ya wafadhili na serikali. Lakini kuanzia sampuli hadi chapisho hupita miaka, na wanaoamua majina ya spishi hawakubaliani kila mara. Msitu unaokatwa leo usiwekewe sharti hilo. Kundi lililotengana lina thamani ya kulindwa hata likibaki na jina lile lile, na hoja ya chanzo cha maji au ya kibali cha ukataji itafika ofisini kabla ya hoja ya jenomu.

Onana ana kwa ana na mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya taifa au wa chuo kikuu kilicho karibu nawe. Usisubiri ukamilishe kazi yako. Nenda na rekodi zako, bahasha zako na ramani. Muulize kwanza kama makumbusho yana ndege waliokaushwa kutoka milima hiyo miwili. Kipande kidogo cha ngozi ya chini ya kidole cha ndege aliyehifadhiwa hata kwa miaka mia kinaweza kutoa DNA ya kutosha, na pengine nusu ya sampuli mnazozihitaji zimo kwenye droo tayari. Ukataji wenyewe upeleke wiki hii kwa ofisi ya misitu, kwa maandishi, ukiambatanisha picha zenye tarehe.